Eda Chini ya Mteremko wa Ski

Bi Tatu tulimzika Jumanne, na Alhamisi tukakusanyika nyumbani kwake La Rochelle, Johannesburg, kumsomea khitma. Wanaume walikaa uani chini ya turubai. Sisi wanawake tulijazana jikoni na chumba cha nyuma, wa Tanga, wa Dar, wa Unguja, pamoja na Mama Furaha, msusi wa Kikongo kutoka Bellevue, ambaye si Mwislamu lakini alikuja na masufuria yake makubwa tangu asubuhi. Kama kawaida ya misiba, marehemu alisifiwa mpaka akawa mtu mwingine. Mmoja alisema Bi Tatu alikuwa na mkono wa kupika, jambo ambalo si kweli, maana wali wake ulikuwa bokoboko siku zote. Mwingine akasema wajane wote Waswahili wa kusini mwa Johannesburg wamepita mikononi mwake, amewaweka eda na kuwatoa eda, na katika mambo hayo hakuwahi kukosea hata siku moja. Mimi nilikuwa nakata vitunguu. Niliinamisha kichwa nikalia na kucheka kwa pamoja, na vitunguu vikanisitiri.

Alikosea mara moja, na mjane mwenyewe nilikuwa mimi. Nilipotoka kumwaga maji ya kuoshea mchele, nilitazama kule kilima kilikokuwa, kwa mazoea tu, na mahali pake nikaona anga tupu. Kilikuwa kilima cha mchanga wa manjano uliotolewa chini ya ardhi na wachimba dhahabu. Miaka hii ya karibuni wenye mgodi wamerudi, wamekiosha kwa mabomba ya maji na kuupeleka mchanga wote kiwandani, kutafuta dhahabu iliyowaponyoka babu zao. Ukimwambia kijana wa leo kwamba juu ya kilima hicho watu walikuwa wakiruka hewani kwa ski, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni na kuteleza, katika mji ambao theluji ni habari ya kupigiana simu, atadhani uzee umeanza kukuchezea. Lakini mimi niliishi chini yake. Miezi minane nilikaa pale bila kuvuka kizingiti cha mlango, isipokuwa mara moja.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mume wangu, Shabani, alikuwa mtu wa maji pale kilimani. Kwa wasiojua, nieleze. Juu kabisa palikuwa na mnara wa mbao. Mrukaji aliteleza kutoka mnarani kwenye njia nyembamba, akafika ukingoni, akaruka, kisha akatua kwenye mteremko mrefu uliotandikwa mikeka ya plastiki yenye manyoya magumu kama ya brashi ya kusugulia sakafu. Theluji hakuna, kwa hiyo kinachotelezesha ni maji. Kando ya mteremko lilipita bomba lenye vichwa kumi na viwili vya kunyunyizia, na Shabani alihakikisha mikeka yote imelowa kabla mtu hajapanda. Mkeka ukiwa mkavu hata kipande cha hatua mbili, ski hunasa hapo na mrukaji huangukia shingo. Kichwa cha tatu kutoka juu kilikuwa kikorofi. Vumbi la mgodi liliziba tundu lake kila mara, na Shabani alikizibua kwa spoki ya baiskeli aliyoitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wetu. Alikuwa akisema hiyo spoki ndiyo cheti chake.

Alifariki mwezi wa pili, kwa maradhi ya kifua, ndoa yetu haijatimiza miaka mitatu. Tulimzika siku hiyo hiyo, na jioni Bi Tatu akaja na shuka nyeupe, akanivua bangili, akaniambia nikae eda palepale mume aliponiacha, miezi minne na siku kumi. Hakuna marashi, hakuna hina, hakuna kutoka, hakuna kuonekana na wanaume. Kwetu Tanga mjane wa eda ana mashangazi, majirani, watoto wanaoingia na kutoka na umbeya wa mtaa mzima. Mimi nilikuwa na chumba kimoja chenye kitanda, jiko la gesi, na dirisha ambalo Shabani alilipigilia misumari kwa sababu ya vumbi. Dirishani niliona mteremko wote, kutoka chini hadi ukingoni, na ngazi za mbao zilizopanda kando yake. Nilivitazama hivyo vitu viwili mpaka nikaviota. Bi Tatu alikuja kila siku na bakuli la wali wake na kipande cha samaki mkavu, akakaa nami saa moja, akaenda. Saa zilizobaki zilikuwa zangu.

Lakini eda haikuwa jela yangu hasa. Jela ilikuwa inanisubiri nje. Siku ya mazishi shemeji yangu Hemedi, kaka mkubwa wa Shabani, alichukua pasipoti yangu akisema inahitajika kwa karatasi za kifo, na hakuirudisha. Wiki ya pili baba mkwe alipiga simu kutoka Tanga. Hemedi alisimama nje ya mlango wangu, simu ikiwa sikioni, akayarudia maneno ya mzee kwa sauti ili niyasikie: Zuhura ni mke wa nyumba hii, na akitoka eda Hemedi amwoe, mwanamke asipotee. Hakuna aliyeniuliza. Na ningejibu nini? Chumba kilikuwa cha klabu ya ski iliyomwajiri Shabani, pasipoti ilikuwa kwa shemeji, na kusini mwa mto Ruvuma sikuwa na hata binamu. Hemedi mwenyewe alikuwa mtu mkavu, mkubwa wangu kwa miaka kumi na nane, asiyecheka. Nilijua tu kwamba simtaki, kama mtu anavyojua kwamba maji haya ni ya moto bila kupimiwa.

Kila Ijumaa baada ya sala alitoka Bellevue akaja, akasimama hatua tano kutoka mlangoni, akamwuliza Bi Tatu swali moja: “Zimebaki ngapi?” Bi Tatu alimtajia siku. Hemedi akaguna “Eish,” kama wenyeji wa Johannesburg, akasimama kidogo, akaondoka. Ilikuwa hivyo hivyo kila wiki. Katika ile “eish” mimi nilisikia mtu aliyecheleweshewa chakula. Nilimchukia kuanzia Alhamisi jioni, kabla hajafika.

Kilichonizuia nisirukwe na akili ni ukuta. Chumba changu kiligawanywa na chumba cha chai cha klabu kwa ukuta wa mbao tu, na Jumapili wazee wa klabu walikusanyika humo. Wenye mgodi walikuwa wamewapa mpaka mwisho wa mwaka kuhama, kwa hiyo mwenyekiti wao, mzee Erik, aliamua kuandika historia ya mahali hapo kabla hapajafa. Alisoma kurasa zake kwa sauti, wenzake wakabishana. Kiingereza changu nilikipata ukutani pale, shavu likiwa kwenye mbao, huku harufu ya kahawa na mikate yao ya mdalasini ikipenya na kunitesa. Nilisikia jinsi mababu zao walivyokuja kutoka nchi za baridi kufanya kazi migodini, wakaugua kwa kukosa theluji, wakaanza kuteleza kwenye mchanga mtupu wakiwa wamekalia sinia za bati. Nilisikia jinsi mnara wa kwanza ulivyojengwa kwa magogo ya kuegemezea kuta za mashimo ya mgodi, ukaangushwa na dhoruba ya mwezi wa kumi na moja. Nilisikia habari za mikeka ya nyasi iliyooza, halafu ya plastiki iliyokuja kwa meli, na miaka ya umati, wakati watu walipokaa chini hapa wakila soseji na kupiga makofi. Walibishana Jumapili tatu nzima kuhusu nani aliruka mbali zaidi, mtu aliyekufa zamani au mtu mwingine aliyekufa zamani.

Siku moja mzee Erik alisoma sehemu ya watu weusi waliobeba ski za wazungu kupanda ngazi, kila mruko, mwaka hadi mwaka, nao hawakuruhusiwa kuteleza hata na sinia. Mtu akakohoa akasema labda hiyo iwe fupi. Msichana mmoja akajibu kwamba iwe ndefu. Huyo alikuwa Anna, mjukuu wa mzee Erik, mrukaji wa mwisho aliyebaki katika klabu ile. Nilimpenda kwa jibu hilo kabla sijauona uso wake. Hata hivyo nilisubiri ukurasa wa mtu wa maji, Jumapili baada ya Jumapili, na haukuja.

Zilipobaki siku kumi na tisa, ilikuwa Jumapili ya baridi kali, mwezi wa sita, jua jeupe lisilo na joto. Wazee walikuwa nje na makoti yao. Anna alikuwa anapanda mnarani kuruka, wampige picha ya kitabu. Maji aliyafungulia mmoja wa wanachama, mtu mwenye nia njema asiyejua kitu. Nilikuwa dirishani. Mkeka ukilowa hugeuka mweusi, na mteremko ulikuwa unageuka mweusi vizuri, isipokuwa palepale chini ya kichwa cha tatu, ambapo palibaki kijivu, pana kama mkeka wa kulalia watu wawili. Hapo ndipo warukaji wengi walipokuwa wakitua. Nilipiga ukuta, lakini chumba cha chai kilikuwa kitupu. Nilipiga kioo, na upepo ukala sauti. Anna alikuwa nusu ya ngazi za mnara, ski begani.

Ninataka kusema ukweli kuhusu dakika ile, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kuudhika. Sikumfikiria Mungu. Nilifikiri kwamba kutoka ni haramu, na kwamba nina siku kumi na tisa tu. Halafu nikaiona spoki kwenye msumari, nikaichukua. Nilipanda ngazi miguu mitupu, shuka nyeupe ikinipiga magotini, wanaume wazima wakinitazama vinywa wazi. Kichwa cha tatu nilikijua kwa kusimuliwa tu. Nilikichokoa mara moja, mara mbili, mara ya tatu maji yakaruka yakanilowesha kuanzia utosini, ya baridi ya kukata pumzi. Nikabaki nimekaa pale pembeni mwa mteremko, natetemeka, na Johannesburg yote iko mbele yangu: mapaa ya mabati ya La Rochelle, barabara kuu, minara ya mjini, moshi wa mbali. Sikuwa nimeona kitu kilicho mbali zaidi ya ngazi zile kwa karibu miezi minne. Kisha Anna akapita juu yangu. Nilisikia hewa ikichanika, nikaona tumbo la mtu angani, mikono imebanwa ubavuni, na alipotua mikeka ilitoa sauti ya kitambaa kinachoraruliwa. Alisimama mzima chini kabisa. Nilifurahi kiasi ambacho mjane hatakiwi kufurahi.

Nilipotazama chini, nilimwona Bi Tatu amesimama kwenye ngazi ya kwanza na bakuli lake la wali.

Hakunigombeza. Alinikausha, akanivalisha nguo nyingine, akakaa kitandani akafikiri sana. Kisha akatoa hukumu kwa huzuni ya kweli: “Mwanangu, umetoka, umeonekana na wanaume. Eda imevunjika. Itabidi tuanze mwanzo.” Ndivyo alivyofundishwa na bibi yake Unguja, naye bibi yake alifundishwa na bibi yake. Miezi minne mingine na siku kumi. Nililia mpaka sauti ikaisha. Mzee Erik aliposikia, aligonga mlango, akasema kupitia ubaoni, polepole ili nimwelewe, kwamba chumba ni changu mpaka nimalize, hata wenye mgodi waje na nini. Na Ijumaa Hemedi alipokuja na swali lake, Bi Tatu akamweleza yote.

“Mwanzo kabisa?” aliuliza.

“Mwanzo kabisa.”

Nikamsikia akivuta pumzi na kuitoa. Nikasema moyoni: hasira hiyo.

Katika eda ya pili nilianza kazi. Klabu ilikuwa inafungwa, na mikeka ya mteremko ingetupwa. Nilimwomba mzee Erik vipande. Alidhani nimepungukiwa na akili, lakini akaniletea kisu kikubwa na mikeka miwili. Niliikata vipande vya kutandikwa mlangoni, nikaipinda kingo kwa kitambaa cha turubai, nikaishona kwa sindano ya magunia. Hakuna kitu duniani kinachofuta matope ya viatu kama mkeka wa mahali ski zinapotua. Cha kwanza Bi Tatu alikitandika mlangoni kwake, viwili vilivyofuata akavibeba kwenda kujaribu kuviuza, akarudi mikono mitupu na maombi ya vingine sita. Vidole vyangu vilitoka malengelenge, kisha vikakauka, na kidogo kidogo mteremko ukaanza kuhama. Anna aliniletea mikeka kila Jumapili, akakaa upande wa pili wa ukuta akinisahihisha Kiingereza changu.

Wiki ya nne ya eda ile ya pili, Bi Tatu alikwenda Fordsburg kununua viungo, akapitia kwa sheikh kuuliza jambo la mjane mwingine. Alirudi kwangu jua likiwa bado juu, bila bakuli, akakaa hata bila kuvua buibui. “Zuhura, nimekudhulumu,” alisema. “Eda haivunjiki. Siku zinakwenda hata mjane akisimama sokoni. Na wewe ulitoka kuokoa roho, hukuwa hata na dhambi. Eda yako imekwisha juzi juzi. Uko huru, mwanangu.”

Nilitazama mlango. Niliwaza neno hilo, huru, na nilichoona mbele yake ni Ijumaa. Mwanamke aliye ndani ya eda haposwi. Nikitoka leo, kesho kutwa nitakuwa mke wa Hemedi, au nitakuwa kwenye basi la Tanga nikapokewe na baba yake. Ndani mle, katika chumba nilichokichukia, hakuna mkono ungenifikia.

“Nani mwingine anajua?” niliuliza.

“Mimi, wewe, na Mungu.”

“Basi iishie hapo, Bi Tatu. Nakuomba. Niache nimalize.”

Mwanamke yule hakuwa ametia uongo mdomoni maisha yake yote. Aliangalia vipande vya mikeka sakafuni, sindano, uzi, vidole vyangu. Aliinuka akajifunga buibui. “Mimi mtu mzima,” alisema. “Nasahau mambo.” Ijumaa alisimama mlangoni akamtajia Hemedi idadi ya siku, sauti haikutikisika, na alipoingia ndani aliomba maji, akatawadha, akasali rakaa mbili ambazo sikuwahi kumwuliza ni za nini.

Hivyo nikajifungia mwenyewe. Watu hudhani ukichagua kufungwa, kufungwa kunakuwa kwepesi. Si kweli. Siku nilizojua ni za kweli nilizivumilia kuliko zile nilizojua ni za kubuni. Kulikuwa na asubuhi za mwezi wa nane, upepo ukipeperusha mchanga wa kilima mpaka dirisha likawa la manjano, nilipoweka mkono kwenye komeo na kuuondoa mara kumi. Lakini mwezi wa kumi Bi Tatu aliponiogesha na kunirudishia bangili, nilikuwa nimekodi chumba changu mwenyewe La Rochelle kwa kazi ya mikono yangu. Wiki mbili baadaye Hemedi alimtuma mtu na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na pasipoti yangu na salamu kwamba amechoka kungoja, ameoa. Alimwoa Mama Furaha. Sikuuliza kitu. Kitabu cha mzee Erik kilitoka mwaka uliofuata, na kwenye ukurasa wa picha ya Anna angani kuna mstari mmoja wa Anna mwenyewe: maji yalikuwa ya Shabani, na siku hii, ya mke wake. Nimekipigia jalada la nailoni.

Sasa nirudi kwenye khitma. Pilau lilipokuwa linaiva, Hemedi alikuja mlango wa jikoni kumwita mkewe. Ni mzee wa fimbo sasa, mgongo umepinda. Kwa miaka yote hii tumesalimiana misibani na harusini, na sijawahi kumkaribisha kwangu hata kikombe cha chai. Alisimama nje, hatua tano, vilevile.

“Shemeji,” alisema taratibu, “wanasema huko ndani marehemu hakuwahi kukosea.”

“Ndivyo wanavyosema.”

“Mimi nilimwuliza sheikh wiki ile ile uliyopanda ngazi.”

Mikono yangu ilikuwa na maji. Nikayaacha yadondoke. Nikamwambia kwamba basi alijua, na hata hivyo alikuja kila Ijumaa kuuliza zimebaki ngapi.

“Mzee alikuwa ananipigia kila Ijumaa kutoka Tanga,” alisema. “Ilibidi niwe na namba ya kumpa. Mama Furaha alikuwepo tayari, Bellevue, na kumwambia mzee nilikuwa siwezi. Kila namba ikipungua nilikuwa silali. Ulipoanza mwanzo, nilimshukuru Mungu pale pale mlangoni kwako.”

“Na pasipoti yangu?”

Alitazama chini. “Ningekupa, ungekwenda. Ungekwenda, mzee angeniambia nikufuate.”

Nilitamani kumpiga na mwiko. Nilitamani pia kumshika mkono. Miezi minane mtu huyu alinifungia, na kumbe alikuwa upande wa pili wa mlango ule ule, amefungwa kama mimi, tukiogopana. Watu watatu tulijua kwamba eda imekwisha, na kila mmoja alinyamaza peke yake.

“Ingia ndani, shemeji,” nilimwambia. “Chai ipo.”

Mlangoni kwa Bi Tatu pametandikwa mkeka wangu wa kwanza, umechakaa kingo, manyoya bado magumu. Hemedi aliegemeza fimbo ukutani, akafuta viatu vyake juu yake, mguu mmoja, halafu wa pili, ingawa vilikuwa safi.